CT Ismaël na Bweni la Wasichana

Kindu nzima inamwita CT, hata akina mama wanaouza ndizi katika soko la Kasuku ambao hawajali herufi hizo zinasema nini. Ni kifupi cha Kifaransa, chef de travaux, cheo cha chuo kilicho juu ya asistenti na chini ya profesa. Ismaël Kitenge amekaa kwenye ngazi hiyo muda mrefu mno, hadi imekuwa jina lake. Mkewe, Mama Jamila, husema tasnifu ya bwana wake ni kama reli yetu: kila mtu anajua inaanzia wapi, lakini lini itafika, Mungu peke yake anajua.

Mimi ni Elodie Kabedi. Babu yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, akazaa hapa, akazikwa hapa. Nilisoma historia kwa CT, na sasa mimi mwenyewe nafundisha sekondari. Watu wakiniuliza kwa nini nafundisha jinsi ninavyofundisha, huwa nawaambia habari ya CT na bweni la wasichana.

Mtazame kwanza. Mfupi, tumbo limeanza kutangulia, shati la mikono mifupi ambalo limeshonwa na fundi yuleyule tangu ujana wake. Ijumaa huvaa kofia na kwenda msikitini, akirudi anakula sombe, yaani majani ya muhogo, na wali, analala kidogo. Hana gari. Akipanda pikipiki, humwambia dereva aende polepole, kisha wanabishana siasa njia nzima mpaka dereva anasimama kabisa ili abishane vizuri.

Umaarufu wake wa mtandaoni ulimjia bila kuutafuta. Mwaka ule wa korona, masomo yalipofungwa, alianza kututumia masomo kwa sauti kwenye Watsapu, kwa sababu kuandika kwa vidole kwenye simu kulimchosha. Alizungumza Kiswahili chetu cha nyumbani, kile kinachosema "njo" badala ya "ndiyo" na "ao" badala ya "au". Alieleza komini ni nini, mburgumesta, mkuu wa komini, anaweza kuamuru nini na hawezi kuamuru nini, sheria inapitia mikono ya nani kabla ya kutufikia. Nyuma ya sauti yake, jogoo wa Mama Jamila aliwika bila kukoma. Tulituma sauti zile kwa ndugu zetu wa Lokandu, wa Kibombo, wa Obokote, nao wakazituma mbele zaidi. Baada ya miezi michache hata wavuvi walikuwa wakiuliza, "Ile ya jogoo imetoka leo?"

Lakini hakuwa peke yake katika simu zetu, wala hakuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Profesa Onema.

Onema alizaliwa Kindu, akafundisha hapa kama asistenti wakati wa vita, na sasa alikuwa profesa Ubelgiji. Kila Jumapili alionekana kwenye Fesibuku katika video ya moja kwa moja, amevaa tai nyekundu, vitabu nyuma yake mpaka darini. Kifaransa chake kilikuwa kama maji ya Lualaba wakati wa mvua, kinajaa na kubeba kila kitu. Alitaja mapinduzi, alitaja umma uliolala, alitaja damu ya mashujaa. Tulimpenda, nisidanganye. Didier Banza, mkuu wa kamati ya wanafunzi, alimwiga hadi namna ya kukohoa.

Kutoka kwake tulijifunza pia jambo baya. Kila aliyetofautiana naye, Onema alimwita vendu, yaani aliyenunuliwa. Nasi tukaanza hivyohivyo. Mwenzako akiuliza swali moja tu, "Tutafanya vile kwa njia gani?", unamjibu "Vendu!" na mazungumzo yamekufa. Katika vikundi vyetu vya Watsapu watu walitukanana asubuhi mpaka jioni, na waliokuwa na jambo la kusema walinyamaza. Bibiche, rafiki yangu wa Obokote, msichana mwenye akili kuliko sisi wote, hakuwahi kuandika neno.

Basi ikatoka amri juu ya bweni.

Bweni la wasichana lilikuwa nyumba ya zamani ya matofali karibu na reli. Waliishi humo wasichana waliotoka mbali na ambao hawakuwa na ndugu mjini. Siku moja tukaambiwa wahame ndani ya juma moja, kwa sababu mkubwa fulani alihitaji nyumba ile kwa ofisi yake mpya. Wahamie wapi? Hakuna aliyesema. Bibiche alilia kidogo, kisha akaanza kukunja vikwembe vyake.

Jumapili ile Profesa Onema hakuacha kitu. "Wana wa Kindu!" alisema. "Vijana wa nchi nyingine wanaweka vifua vyao mbele ya risasi, ninyi mnaogopa karani? Tokeni! Ofisi ya mkubwa huyo iwake!" Maelfu walipiga alama ya kupenda. Jumatatu asubuhi Didier aliingia darasani amevaa bereti, nyuma yake vijana wenye macho mekundu, na mmoja alikuwa na galoni ya petroli. Aliiweka chini ya benchi kama mtu anayeweka mkoba wake.

CT alikuwa ameanza somo. Aliiona galoni, akafunga kalamu yake.

"Didier, hiyo njo nini?"

"CT, tumekuja kukuuliza kitu kimoja tu," Didier akasema. "Profesa amesema tutoke. Wewe unasema nini? Uko na sisi, ao uko na wao?"

Nadhani kila mmoja wetu alikuwa tayari kumwita vendu.

CT alikaa juu ya meza, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akatusimulia habari ambayo wazee wengi wa mji wanaijua nusunusu.

Mwaka 2001, alisema, mji ulikuwa mikononi mwa waasi na ulizungukwa. Treni haikuja. Chumvi ilikuja kwa ndege, na aliyekuwa nayo aliificha kama dhahabu. Wanafunzi walikuwa wachache, nao walikuwa na mwalimu mmoja waliyempenda kuliko wote, asistenti kijana aliyeandika karatasi za siri na kuzisambaza kwa mikono. Aliandika vizuri sana. Juma moja karatasi ilisema: kesho asubuhi, wote mpaka kwenye ofisi ya mkuu wa waasi, tudai askari waache kuwanyang'anya mama zetu chakula.

"Tulienda," CT akasema. "Mimi nilikuwa na rafiki yangu Idrissa. Njia nzima tuliangalia nyuma. Tulisema, mwalimu atakuja, labda amechelewa. Tukafika. Askari hawakuuliza kitu. Walipiga risasi. Idrissa alianguka karibu na mimi, na mguu ulikuwa... nilijua hapo hapo kwamba mguu umekwisha. Nilimpakia kwenye baiskeli, nikasukuma mpaka hospitali. Hakulia. Aliniuliza neno moja tu njia yote: 'Ismaël, mwalimu iko wapi?'"

Kisha akasema kwamba yule asistenti alikuwa ameondoka alfajiri ileile kwa mtumbwi, kuelekea Lokandu, na kutoka huko akaenda mbali, mbali zaidi.

"Jina lake?" Didier akauliza, lakini sauti yake ilionyesha kwamba ameshajua.

"Onema," CT akasema. "Na mimi simchukii. Alikuwa kijana kama ninyi. Lakini siku ile niliapa kwamba sitamtuma mutoto wa muntu mahali ambapo miguu yangu haitafika kwanza. Mmeniuliza ninasema nini. Ninasema amri ile ni mbaya na haina sheria nyuma yake. Kesho saa mbili nitakuwa mbele. Galoni ibaki hapa. Anayetaka kunifuata, anifuate. Asiyetaka, asiitwe jina lolote."

Nyumbani kwake, alinieleza Mama Jamila baadaye, kulikuwa na vita vingine. "Baba Jamila, una sukari, una presha, una tumbo! Unataka kuandamana?" Alimkasirikia mpaka jioni, kisha akamtafutia viatu visivyobana.

Kesho yake tulikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Mbele kabisa alikuwa CT, na pembeni yake mtu mwembamba mwenye magongo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini. Ndipo nilipofahamu kwamba Idrissa yule alikuwa Papa Idrissa, fundi cherehani wa Kasuku aliyenishonea sare ya shule ya msingi. Hakuna aliyemwita. Alisikia tu sokoni kwamba Ismaël anatangulia, akafunga duka.

Tulitembea kwa mwendo wa magongo yake. Ilitusaidia. Mtu hawezi kuwa na wazimu akitembea polepole vile.

Kwenye ofisi ya mkubwa tulikuta polisi wamepanga mstari. Mkubwa hakutoka. Jua likapanda, watu wakaanza kusukumana, na nikaona vijana wa nyuma wakiokota mawe ya reli. Wakati huohuo Didier akainua simu yake juu, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Alikuwa Profesa Onema, moja kwa moja kutoka Ubelgiji, akitazama picha zetu ambazo Didier alikuwa akimtumia. "Msirudi nyuma!" alipiga kelele. "Ingieni! Wakipiga mmoja, mia watasimama!"

Polisi mmoja, kijana wa umri wetu, alikuwa anatetemeka na bunduki yake. Nilimwona vizuri. Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema "umma", namkumbuka yeye.

CT alimwendea Didier. "Unipe," akasema. Didier akampa, sijui kwa nini, labda kwa desturi ya kumtii mwalimu. CT akaishika simu mbele ya uso wake, karibu mno kama wazee wanavyofanya, hata watu waliokuwa wakitazama waliona pua tu.

"Mwalimu Onema, shikamoo. Ni mimi Ismaël, wa mwaka ule."

Kwenye kioo, Onema aliinama karibu na kamera yake.

"Mwalimu, uko wapi?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotukata. Aliuliza kama mtu anayempigia ndugu yake simu kwa sababu chakula kinapoa.

"Niko... niko nyumbani," Onema akajibu mwishoni.

"Asante. Basi turuhusu sisi tulio hapa tuamue ya hapa." Akafunga video, akamrudishia Didier simu yake, akatugeukia. "Tukae chini. Nani ana neno?"

Tulikaa barabarani, vumbi na yote. Wa kwanza kuongea walisema tuingie kwa nguvu. Wengine walisema turudi. CT alimfanya kila mmoja amalize. Aliyeanza kusema "vendu" alitazamwa na Papa Idrissa, akalimeza. Kisha nyuma yangu nikasikia sauti ndogo, nikageuka, na alikuwa Bibiche amesimama.

"Wanasema bweni letu njo ofisi," akasema, akiangalia miguu yake. "Kama bweni njo ofisi, basi ofisi njo bweni. Sisi tuhamie hapa. Tulete magodoro. Tulete vinu. Tutapika hapa, tutafua hapa, tutasoma hapa. Hatutagusa kitu cha mtu."

Kikazuka kicheko. Kilianzia kwa wasichana, kikapita kwa wavulana, na naapa hata yule polisi kijana alifunika mdomo.

Mchana ule ua wa ofisi ulijaa magodoro; polisi hawakuwa na amri yoyote juu ya godoro, wakatupisha. Wavulana walibeba, Didier akiwa amelitwika kubwa kuliko yote juu ya bereti yake. Wasichana walitwanga sombe mbele ya mlango wa mkubwa, kinu kwa kinu, mpaka makarani hawakuweza kusikilizana. Nguo za ndani zilianikwa kwenye ua wa waya, mahali ambapo magari ya wageni wa heshima hupita. Akina mama wa soko walituletea samaki wa moshi. Wakubwa wa dini walikuja, padri na imamu pamoja, wakakaa juu ya godoro moja, wakala.

Alasiri walimchukua CT. Walisema ni kwa maswali tu. Watu wetu waliruka, lakini yeye aliinua mkono: "Kaeni. Endeleeni kupika." Papa Idrissa alimfuata kwa magongo mpaka kituoni, akaazima kigoda kwa mwanamke muuza kahawa, akakaa mlangoni. Kila polisi aliyetoka, mzee alimsalimu na kumwuliza, "Mwanangu, Ismaël wangu bado iko ndani?" Aliwajua wengi wao kwa vipimo, maana aliwashonea nguo za harusi. Kabla jua halijatua walichoka naye, wakamtoa CT. Hakuguswa, ila njaa ilimuuma. Mama Jamila alikuwa hapo na sufuria, na maneno yaliyobaki tangu jana.

Wasichana walikaa katika ua ule hadi mkubwa alipoagiza waambiwe kwamba kulikuwa na kutoelewana, na bweni halikuwa limehitajiwa kamwe. Tulirudisha magodoro tukiimba. Bibiche alifagia ua wote kabla ya kuondoka, kwa sababu mama yake alimlea vizuri.

Baada ya hapo mambo yalibadilika katika vikundi vyetu. Sisemi matusi yalikwisha. Lakini mtu maarufu wa Kinshasa au wa Ulaya akiandika "Tokeni, vunjeni, chomeni", wanafunzi wa Kindu walimjibu kwa heshima chini ya maandishi yake: "Mwalimu, uko wapi?" Wengine walikasirika na kutufungia. Wengine walijibu kwa kweli, na mazungumzo mazuri yakaanza. CT mwenyewe hakuokoka. Siku moja aliandika juu ya hali ya shule moja huko Alunguli, ng'ambo ya mto, na kabla hajanywa chai mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alimwuliza swali lilelile. Ilibidi avae viatu na kwenda kupanda mtumbwi. Akarudi ameloa, akasahihisha nusu ya aliyoandika. Alifurahi kama aliyepewa zawadi.

Na Profesa Onema? Jumapili zikapita bila tai nyekundu. Kisha akampigia CT simu, na walizungumza mpaka betri ikaisha. Sijui waliyosema yote. CT aliniambia sehemu moja tu: mama yake Onema ndiye aliyemshika mkono alfajiri ile na kumsukumia mtumbwini, akilia kwamba ameshazika watoto wawili na hatazika wa tatu. "Alikuwa na haki, yule mama," CT akasema. "Lakini sisi pia tulikuwa na mama."

Msimu wa ukavu uliofuata, Onema alikuja Kindu. Tulikwenda uwanja wa ndege, baadhi yetu tukiwa na maneno makali tayari. Mlango wa ndege ulipofunguliwa alishuka mzee mwenye mvi, mwembamba kuliko video zake, anaangalia huku na huku kama mtoto aliyepotezana na watu wake. Didier alimpokea mzigo.

Hakutaka hoteli kwanza. Aliomba apelekwe dukani kwa Papa Idrissa. CT alikwenda naye, nami nikawafuata.

Papa Idrissa alikuwa kwenye cherehani. Aliinua macho, akamwangalia muda mrefu. Onema alifungua mdomo. Yule mtu wa Kifaransa cha mafuriko hakupata hata neno moja. Machozi tu ndiyo yaliyotoka.

Papa Idrissa alichukua magongo yake, akasimama, akavuta utepe wa kupimia kutoka shingoni. "Hiyo suti ya Ulaya inakuzidi," akasema. "Simama wima. Nyoosha mikono."

Onema alinyoosha mikono. Papa Idrissa alimpima mabega, akamzunguka kifua, akarudi begani. Onema alikuwa analia mwili mzima unatikisika.

"Usitikisike, mwalimu. Utaharibu kipimo."

CT alitoka nje kusafisha miwani yake, na alikaa huko muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Jioni tulikula kwa Mama Jamila, sote, lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki. Onema alimwuliza Bibiche, ambaye sasa ni mkuu wa kamati ya wanafunzi, anafikiria nini juu ya uchaguzi ujao. Bibiche alimweleza. Onema akapinga. Bibiche akamwambia, "Sikubali, Papa Profesa, na sababu njo hii," akahesabu sababu kwa vidole vyenye mafuta ya samaki. Didier aliingilia kati, CT akaingilia kati, kila mtu akaongea juu ya mwenzake, na Mama Jamila akagonga sufuria kwa mwiko.

"Kwanza mule," akasema. "Congo haitakimbia."

Onema akacheka, akaongeza lituma kwenye sahani yake, kisha akamgeukia Bibiche. "Ile sababu ya pili," akasema kwa Kiswahili, kwa shida kidogo kama mtu anayevaa viatu vya zamani. "Unieleze tena. Sijaielewa."

Bibiche akaeleza tena. Onema alisikiliza.